Kabla hujavunja sheria ya picha, jua ilikuwa inazuia nini

Kuna watu watakwambia sanaa haina sheria, we piga unavojisikia. Alafu kuna wale ukiweka mtu katikati ya fremu tu wanakushukia kama mwewe. Mimi nasema jifunze sheria zote, ila usizikariri, na hapo ndo wengi tunapopotea, tunameza kanuni bila kuuliza ilikuja kutatua shida gani.

Chukua ile ya theluthi, ile gridi ya mistari miwili wima na miwili mlalo, kwamba kitu muhimu kikae kwenye mstari, sio katikati. Jina hilo lilishaandikwa 1797 na mchoraji wa Uingereza, John Thomas Smith, akizungumzia michoro ya mandhari, kamera yenyewe haijazaliwa. Shida yake ilikuwa kwamba mbingu na ardhi, au mwanga na giza, vikigawana nusu kwa nusu vinavutana, jicho halijui kipi ndo bwana. Basi, sheria yote ni hiyo. Sasa ukishajua hivo unajua na siku ya kuiacha, siku ambayo unataka hizo nusu mbili zivutane. Mpiga picha Hiroshi Sugimoto ana picha za bahari alizoanza 1980, upeo, ule mstari wa mbingu na maji, umekata fremu katikati kabisa, juu hewa chini maji, hakuna boti, hakuna ndege, hakuna chochote. Sogeza ule mstari kwenye theluthi uone, inabaki picha ya kalenda.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua sheria moja, moja tu, kaa nayo wiki nzima. Kila unachopiga kipige mara mbili, ya kwanza umetii, ya pili umevunja, umesimama palepale na mwanga uleule. Kesho yake ziweke pembeni kwa pembeni, ziwe ndogo kwenye simu, alafu ujiambie kwa sentensi moja ile ya pili imeongeza nini. Ukianza kujing'atang'ata ujue umevunja bure. Na usivunje tatu kwa mpigo, fremu imepinda, imetikisika, imeungua kwa mwanga, hapo hata ikitoka kali hutajua kilichoibeba ni nini na kesho huwezi kuirudia.

Ambayo inastahili muda zaidi ya zote ni mwanga, maana hapa watu wanatii sheria hata bila kujua wanatii. Kamera haioni, inapima tu, na kipimo chake kinataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ukimpiga mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, yenyewe inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, uso unazama. Ongeza mwanga kwa mkono kwenye kile kipimo cha +/- cha kamera, +1 au hata zaidi, angalia uso sio ukuta. Paka mweusi kwenye kochi jeusi ni kinyume chake, anatoka kijivu kama kamwagiwa majivu, punguza. Yaani ile mnayoiita "sahihi" ni wastani wa mashine. Ukishaweza kuupeleka mwanga unakotaka, ndo uamue sasa uso uzame kabisa ubaki umbo tu, na itaonekana umeamua.

Kitu kingine, ukivunja vunja kweli. Upeo ukiinama kidogo tu kila mtu atajua hukushika kamera vizuri, uinamishe sana mpaka mtu ahisi anateleza. Shata vilevile, yaani muda kamera inaokaa wazi kupokea mwanga, wanasema lenzi ya 50mm usishuke chini ya 1/50 ya sekunde ukiwa umeshika mkononi, sasa wewe unashuka 1/40 alafu unaita sanaa? Nenda 1/4, nenda nusu sekunde, mtu anayetembea ageuke moshi. Wapiga picha kina Daido Moriyama kwenye jarida la Provoke, Japani mwaka 1968 na 1969, walijaza kurasa picha za chenga, zimetikisika, zimetoka nje ya fokasi, na zinasimama kwa sababu ziko nyingi na zinaongea lugha moja. Picha moja iliyotikisika ni bahati mbaya, kumi zikipangwa pamoja mtu anaanza kukusikiliza. So fikiria mfululizo, usifikirie picha moja.

"Bekigraundi iwe safi" nayo ni ushauri mzuri kwa anayeanza, ila mwangalie mpiga picha Seydou Keïta na studio yake kule Bamako, Mali, pazia lina maua nyuma, gauni lina maua mbele, na bado macho yanaenda usoni moja kwa moja, kwa sababu uso ndo sehemu pekee tulivu kwenye fremu nzima. Hiyo ukiijaribu bila kumpanga mtu wako vizuri anamezwa na pazia, nimeshawahi kupata ya hivo, nilibaki na kichwa kinaelea kwenye bustani.

Kuna mambo mawili mimi sivunji, kuweka nakala ya faili sehemu mbili, na kumuuliza mtu kabla sijambandika sura yake ukutani. Hayo hayana ubishi.

Alafu acha kufuta picha kwenye kamera. Kile kioo kidogo kinadanganya, kila kilichopinda unakiona kosa sababu bado unakumbuka ulichokuwa unakitafuta. Zipeleke zote kwenye kompyuta, ziache wiki mbili, ukirudi ushasahau ulichokusudia, unaona kilichopo.