Namna ya Kuonyesha Reli ya Modeli Isidhaniwe Kitu cha Kuchezea

Wengi wameiona reli ya modeli, yaani treni na njia yake vilivyotengenezwa kwa udogo kwa kufuata vipimo vya kweli, kwenye video tu, na walichoona ni treni inayozunguka mbio hadi inaanguka. Wakiiita kitu cha kuchezea, kosa ni la aliyeionyesha. Anza kurekebisha mwendo.

Kwa skeli ya HO (1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli), treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapaswa kusonga sentimita 19 kwa sekunde. Weka alama mbili kando ya njia, mita moja kati yake, ushike saa: treni ipite kwa sekunde 5 hivi. Ikipita kwa sekunde 2, umeonyesha zaidi ya kilomita 150 kwa saa, na hapo hata mabehewa yaliyopakwa rangi kwa ustadi hayaokoi kitu. Kwenye stesheni nayo, treni isimame kwa muda wa abiria kushuka.

Mwendo wa polepole hufichua uchafu. Kichwa cha treni kikikwamakwama, mara nyingi ni utando mweusi unaozuia umeme. Zima umeme, pangusa reli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, na usiwashe mpaka ikauke kabisa, maana inashika moto. Safisha na magurudumu, la sivyo yatarudisha uchafu uleule. Msasa usiuguse, mikwaruzo yake hukusanya uchafu upesi zaidi.

Kinachoharibu zaidi ni picha ya kupigwa kutoka juu, kwa sababu hakuna abiria anayeiona treni hivyo. Mtu wa mita 1.7 kwenye HO ana kimo cha milimita 20 tu, kwa hiyo lenzi nayo iwe hapo. Geuza simu juu chini ili lenzi ikaribie ardhi, kisha uigeuze picha baadaye. Sehemu ya mbele ikitoka na ukungu, rudi nyuma kidogo, piga, halafu kata kingo za picha. Tumia taa moja kali kutoka upande mmoja: jua ni moja, na vivuli vitatu vya mti mmoja jicho huvikataa mara moja. Kivuli kikiangukia anga iliyochorwa nyuma ya njia, inua taa. Kabla ya kupiga pitisha brashi laini. Punje ya vumbi ya milimita 1 huonekana jiwe la karibu sentimita 9.

Mbele ya wageni, andika kibao kifupi: njia hii ni ya wapi, mwaka gani, treni inabeba nini. Mwandishi wa habari akiuliza gharama, mwonyeshe kwanza swichi ya njia (reli zinazosogea kuipeleka treni njia nyingine) ikibadilishwa, behewa likiachwa kwenye njia ya pembeni, ili aone kazi ya reli, si kitu cha kuchezea.