Kabla ya Kuloa: Matayarisho ya Kuchora Ramani ya Nyasi Bahari na Kupima Uzalishaji Wake

Kabla hujagusa kifaa chochote, amua ramani yako itajibu swali gani. Kujua nyasi bahari ziko wapi ni kazi moja. Kujua zinazalisha kiasi gani ni kazi nyingine kabisa. Ya kwanza hufanyika kwa picha za setilaiti na siku chache za kukagua. Ya pili inakulazimu urudi pale pale baada ya siku kadhaa ukiwa na mkasi, na baadaye tanuri na mizani. Wengi hurudi nchi kavu na data nzuri ya kazi ya kwanza, kisha wanaikamua itoe jibu la pili. Haitoi. Uwanda mnene wa Thalassia, aina ya nyasi bahari yenye majani mapana, unaweza kuwa unakua taratibu, na Halodule chache, aina nyingine ya nyasi bahari, zilizotawanyika mchangani zikawa zinachipua kwa kasi. Wingi wa majani unayoyaona leo hauonyeshi kasi ya kuota kwake.

Hakikisha pia kila mtu kwenye timu anatofautisha nyasi bahari na mwani kwa kuzishika. Nyasi bahari ni mmea wa maua, una mizizi na shina tambazi linalopita chini ya mchanga, mwani hauna. Ukiangalia kutoka juu, mwani wa kahawia juu ya mawe na nyasi zilizofunikwa na vumbi la bahari hufanana mno, na programu ya kompyuta inayotambua nyasi kwenye picha hukosea hapo hapo ambapo wewe ungekosea.

Kwenye picha, setilaiti za Sentinel-2 hutoa pikseli za mita 10 na Landsat za mita 30, zote bila malipo. Usikimbilie picha mpya kuliko zote. Tafuta iliyo safi: isiyo na mawingu, isiyo na mng'ao wa jua, iliyopigwa maji yakiwa yamekupwa, na isiyofuata mvua kubwa zilizomwaga tope baharini. Mwanga mwekundu humezwa na maji ndani ya mita chache za mwanzo, hivyo unabaki kutegemea bluu na kijani, na nyasi zilizo kwenye kina huonekana nyeusi kuliko zilivyo. Njia ya kusahihisha athari ya kina kwenye picha inayojulikana sana, ile ya mtafiti Lyzenga ya mwaka 1978, inahitaji sehemu za mchanga mtupu kwenye vina tofauti. Panga mapema utazipata wapi. Shusha sahani ya Secchi, ile ya kupimia uangavu wa maji, uone inapotea kwa kina gani. Kama maji ni machafu kiasi cha kuficha mchanga, acha setilaiti, tumia kamera ya kushushwa au sonari, kifaa kinachopima chini ya bahari kwa sauti.

Sasa kalenda, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayovunja safari nyingi. Chagua siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanapokupwa sana. Lakini kumbuka kwamba katika pwani zenye kupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kupwa kwa bamvua mahali pamoja huangukia karibu saa zile zile kila mara. Zikiwa ni za adhuhuri, waendao kwa miguu watafurahi, ila droni itapiga picha ya jua lililolala juu ya maji. Hapo irushe asubuhi jua likiwa chini, ukubali maji kuwa juu kidogo. Usipolipanga hili mezani, mtagombana ufukweni.

Chombo cha kawaida cha GPS cha mkononi hukosea mita 3 hadi 5. Kwa pikseli ya mita 10, nukta iliyochukuliwa ukingoni mwa nyasi inaweza kuangukia mchanga wa jirani. Chukua nukta katikati ya eneo linalofanana, lenye upana wa mita 30 hivi. Nenda pia mahali pasipo na nyasi: mchanga, vifusi vya matumbawe, mwani. Sehemu ya nukta zako itenge tangu mwanzo kwa ajili ya kuhakiki, na usiiguse wakati wa kufundisha programu.

Fremu ya sentimita 50 kwa 50 ikilazwa chini inatosha kukadiria ufunikaji, yaani asilimia ya eneo lililofunikwa na nyasi, ila fanyeni mazoezi pamoja kwa picha zile zile kwanza. Nimewahi kuona fremu moja, watu wawili: mmoja kaandika asilimia 40, mwenzake 70.

Kupima ukuaji wa majani mapana, mbinu inayotokana na ile ya mtafiti Zieman ya 1974 bado inafaa. Unatoboa majani yote ya chipukizi kwa sindano kupitia ala, kile kifuko kinachoshika majani pale chini, unaacha siku 7 hadi 14, kisha unakata. Tundu la kwenye ala halisogei. La kwenye jani changa limepanda, na kipande kilicho kati ya matundu hayo mawili ndicho kilichoota. Jani lisilo na tundu ni jipya zima. Kwangua viumbe vilivyoota juu ya majani, kausha kwa nyuzi 60 hadi uzito usibadilike, zidisha kwa idadi ya chipukizi katika mita ya mraba. Weka alama nyingi kuliko unazohitaji, maana samaki na kasa hawatakusubiri. Kwa Halophila, aina nyingine ya nyasi bahari, mbinu hii haifai. Majani yake ni madogo mno, hivyo unatia alama shina tambazi na kuhesabu jozi za majani zinazoongezeka. Na andika wazi kwamba mizizi hukuipima.

Vibali vya droni na vya kutoa sampuli viombe mapema. Wavuvi wa eneo hilo waulizwe nyasi zilipungua wapi na lini. Viatu vya majini ni lazima, na buruta miguu unapotembea ili samaki aina ya taa wakimbie kabla hujawakanyaga.

Usiku wa kuamkia safari, pima vikombe vya karatasi ya aluminiamu vya kukaushia majani vikiwa vitupu na uandike uzito juu ya kila kimoja. Lebo ziandikwe kwa penseli, moja iingie ndani ya mfuko pamoja na majani. Barafu iwe tayari, kwani kwenye joto majani yaliyokatwa huanza kuoza siku hiyo hiyo.