Kabla hujakata mtutu wa shotgani hapa Marekani, soma hii kwanza

Jamaa yangu mmoja alirithi Remington 870, shotgani ya pampu ya kuvuta kwa mkono, toka kwa baba mkwe wake, mtutu inchi 28, ndefu kiasi kwamba kwenye korido ya nyumba kila akigeuka inagonga ukuta, akaniita gereji kwake Jumamosi nikamshikie aikate. Nafika nakuta mtutu ushabanwa kwenye jiliwa, tepu nyeupe imezungushiwa pale anapotaka kukata, msumeno wa chuma uko pembeni. Nikamwambia kaka, acha kwanza tupime upya.

Kosa lake lilikuwa hili. Alikuwa kautoa mtutu kwenye bunduki na kuanza kupima toka nyuma kabisa ya chuma, sasa 870 ina kipande kinachoendelea nyuma ya chemba (pale risasi inapokaa), bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya risasi, ndo inajifungia humo, na hicho hakihesabiki. Urefu wa mtutu kisheria unaanzia kwenye uso wa bolti ikiwa imefungwa. Tukaurudisha mtutu kwenye bunduki, tukahakikisha mara mbili haina risasi, tukafunga bolti, tukatumbukiza kijiti cha mbao toka mdomoni mpaka kikagota, tukatia alama ya penseli usawa wa mdomo, tukakitoa tukakipima. Hesabu zikaja tofauti kabisa, pale penye tepu pangemwacha chini ya inchi 18.

Na inchi 18 ndo mpaka wenyewe. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1934, ile NFA (National Firearms Act), inasema shotgani mtutu wake usipungue inchi 18 (kama sentimita 45.7) na bunduki nzima isipungue inchi 26. Ukipunguza ikawa fupi zaidi bila kibali umeshatengeneza silaha ambayo haijasajiliwa, kifungo mpaka miaka 10, hata kama imekaa kabatini tu na hujawahi kumtishia mtu. Na usidhani ni sheria ya kwenye makaratasi, mwaka 1939 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi kwenye kesi ya Miller, jamaa wawili walioshtakiwa kwa kuvusha shotgani moja ya mtutu mfupi toka Oklahoma kwenda Arkansas, bunduki moja tu, na mahakama ikasimama upande wa sheria.

Kwa sisi tuliokuja toka nje hili ni zito mara mbili, maana mwenye grini kadi akipatikana na hatia ya kosa la silaha anaweza kurudishwa kwao, miaka yote aliyojenga hapa ikaishia hapo. Kama uko kwa viza ya muda, mfano ya masomo, kwa kawaida huruhusiwi hata kumiliki bunduki, isipokuwa una sababu chache zilizotajwa kisheria kama leseni ya uwindaji, kwahiyo muulize mwanasheria kabla hujagusa chochote.

Ukitaka fupi kuliko inchi 18 njia ipo, unajaza Fomu 1 ya ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, picha, alama za vidole, nakala kwa mkuu wa polisi wa eneo lako, halafu UNASUBIRI jibu. Kibali kwanza, msumeno baadaye, usigeuze, kwa sababu ukishakata bila kibali hiyo bunduki huwezi kuja kuisajili tena. Zamani ulilipa dola 200, toka Januari 2026 hiyo kodi ni sifuri kwa shotgani fupi, lakini fomu haijaondolewa, watu wengi wanachanganya hapo. Ikikubaliwa unachonga jina lako, mji na jimbo kwenye chuma, na ukitaka kuvuka nayo jimbo unaomba ruhusa tena. Halafu angalia jimbo lako, California na New York karatasi ya ATF haikusaidii.

Sasa tuseme unataka inchi 18 na kitu tu, ya halali. Mafundi bunduki wengi wanaacha inchi 18 na nusu, sababu baada ya kukata kuna kusawazisha mdomo na hapo chuma kinaliwa tena kidogo. Peleka kwa fundi mwenye leseni. Ujue pia unapoteza nini: ile choki inayobana marisau iko mwishoni mwa mtutu, ukikata imeondoka, marisau yatatawanyika mapema na bata wa mbali umsahau. Watu husema ufupi ndo unatawanya, hapana, ni choki. Kile kishanga cha kulengea nacho kinakwenda na kipande, fundi atatoboa aweke kingine. Mlio na moto wa mdomoni vinakuwa vikali zaidi, ndani ya nyumba utajuta bila kinga ya masikio. Na choki ya kufungua na kufunga kwa mkono haikuongezei urefu kisheria, inayohesabika ni iliyochomelewa moja kwa moja.

Lakini mi ushauri wangu ni mmoja, USIKATE. Hizi pampu kama 870 na Mossberg 500 mtutu wake unatoka kwa kufungua nati au skrubu moja mbele, na mitutu ya inchi 18 na zaidi kidogo inauzwa tayari imetoka kiwandani, ina kishanga chake na mdomo wake umekaa sawa. Hakikisha tu unaendana na modeli yako na urefu wa chemba, inchi 2¾ au 3, imeandikwa ubavuni.

Jamaa yangu ndo alichofanya. Mfupi uko kwenye bunduki ndani ya sefu, ule wa inchi 28 wa mzee kaupaka mafuta kaufunga kwenye kitambaa, msimu wa bata ukifika anabadilisha dakika mbili.