Kupima sukari nyumbani: namba unayoweza kuiamini

Wagonjwa wengi wanaoniletea daftari lenye namba za ajabu, mashine zao ni nzima. Tatizo huwa mikononi au kwenye saa, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Hatua ya 1: Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Ukimenya tunda kisha ukatoboa kidole hichohicho, sukari iliyoganda kwenye ngozi huingia kwenye tone, na mashine inaweza kukusomea 14 wakati mwilini una 7 (namba hizi ni za mmol/L, kipimo cha sukari kwenye damu). Kupangusa kwa spiriti hakutoshi kuiondoa. Maji yakibaki kidoleni nayo huizimua damu.

Hatua ya 2: Angalia tarehe ya mwisho ya stripu (vipande vyembamba vya kupokelea damu), toa moja, funga kopo papo hapo, kisha ichomeke kwenye mashine. Unyevu huziharibu.

Hatua ya 3: Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, hapaumi sana kama katikati. Leo kidole hiki, kesho kingine. Sindano ya kutobolea usiazimane na yeyote, hata mwenzi wako, maana homa ya ini B huambukizwa kwa njia hiyo. Damu ikikawia, ning'iniza mkono, halafu kanda polepole kutoka kiganjani. Ukiikamua ncha kwa nguvu, majimaji ya ngozi huchanganyika na damu.

Hatua ya 4: Gusisha ukingo wa stripu kwenye tone, itavuta yenyewe.

Hatua ya 5: Andika namba, saa, ulichokula na dawa uliyotumia. "9.2" peke yake hainiambii kitu. Ni kabla ya kula? Kama ni baada, umepita muda gani? Chagua mlo mmoja, pima kabla yake, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza (watu wengi huhesabu tangu walipomaliza kula). Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayokuonyesha mlo ule umekufanyia nini. Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, lengo ni 4.4 hadi 7.2 mmol/L kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya saa mbili. Lako huenda daktari amelipanga tofauti. Mashine ikisoma kwa mg/dL, gawanya kwa 18 upate mmol/L.

Na usirudie kupima ili uchague namba inayokupendeza. Hata mashine nzuri huruhusiwa kupishana na maabara kwa asilimia 15.

Ukiona chini ya 3.9, acha daftari. Kunywa nusu kikombe cha juisi au maji yenye kijiko kikubwa cha sukari, pima tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini, rudia. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali. Hospitali ni hivyo hivyo sukari ikiwa juu huku mtu anatapika au anahema kwa kasi.

Sindano zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, mbali na watoto, kisha uliza kituo chako cha afya kama kinazipokea.