Jinsi ya kumwombea mgeni Viza ya Utalii ya Afrika Mashariki: safari ya Karamoja, Turkana na Rwanda

Mgeni anayetaka kulala manyatani, yaani kwenye maboma ya wafugaji wa Karamoja, kuzunguka Mlima Elgon hadi Turkana, kisha kumalizia kwa Wabatwa wa Kisoro na vilima vya Rwanda, anaweza kufanya safari yote hiyo kwa viza moja. Ni Viza ya Utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutolewa mwaka 2014. Bei yake ni dola 100 za Marekani, inadumu siku 90, na ndani ya siku hizo mwenye nayo anaingia na kutoka Uganda, Kenya na Rwanda mara nyingi atakavyo.

Nawaandikia waongoza wageni wenzangu wa Mbale, Moroto, Kapchorwa, Kisoro na Kampala, kwa sababu mgeni akikwama kwenye fomu simu ya kwanza huja kwetu. Tena mgeni akizuiliwa mpakani, kampuni hupanga tarehe upya, lakini mama wa manyatani aliyekwisha kuteka maji, kuwaita wachezaji na kuchagua mbuzi hana wa kumlipa. Karatasi ni sehemu ya heshima tunayowapa wenyeji wetu.

Panga njia kabla ya kufungua fomu

Hapa ndipo wengi huharibu. Viza hii ina masharti mawili yanayotegemea ramani. La kwanza, inaombwa kwa nchi ambayo mgeni ataingia kwanza. Ukiomba kwa Uganda, muhuri wa kwanza lazima uwe wa Uganda. Kwa hiyo mwulize mgeni ndege yake inapita wapi. Akibadilisha ndege Nairobi bila kutoka kiwanjani, hakuna tatizo. Akitaka kulala mjini Nairobi siku mbili kabla ya kuja Entebbe, tayari ameingia Kenya kwanza, na mpango wote umepinduka.

Sharti la pili: mgeni akitoka nje ya nchi hizo tatu, viza imekwisha, hata kama amebakiza siku 60. Na haiongezwi muda.

Sharti hilo linatugusa sisi wa kaskazini mashariki kuliko wenzetu wanaopeleka wageni kuona sokwe na simba. Wageni wanaokuja kwa ajili ya utamaduni huwa wamesoma kuhusu jamii za Ateker, na wanataka kuwaona wote: Wakaramojong wa Uganda, Waturkana wa Kenya, Watoposa wa Sudan Kusini, Wanyangatom wa Ethiopia. Ni ukoo mmoja wenye lugha zinazoelewana, ng'ombe ndiye kipimo cha mali kwa wote, na habari za malisho na mvua huvuka mipaka haraka kuliko gari lolote. Ombi la mgeni ni la haki kabisa. Ila viza inafuata Wakaramojong na Waturkana, halafu inakomea hapo. Sudan Kusini na Ethiopia kila moja ina viza yake, na Tanzania pia haimo.

Dawa ni kuziweka nchi za nje mwishoni. Mgeni anayetaka Bonde la Omo la Ethiopia amalize kwanza Uganda, Rwanda na Kenya, kisha aende Ethiopia na arudi kwao kutokea huko. Viza ikifia hapo haimuumizi. Ukimweka Omo katikati ya safari, atalazimika kulipa upya ili kurudi.

Njia ninayoipendekeza ni hii: Entebbe, Mbale, Moroto, kurudi kusini kupitia Nakapiripirit hadi Kapchorwa, kuvuka mpaka wa Suam kuingia Kenya, Kitale, Lodwar na Ziwa Turkana, kisha kurudi Uganda kwa Suam au Malaba, kwenda Kisoro, kuvuka mpaka wa Cyanika kuingia Rwanda, Musanze na kuondokea Kigali. Mgeni ataona Wasabiny upande wa Uganda na ndugu zao Wasabaot upande wa Kenya wakiuzunguka mlima mmoja. Ikiwa ni mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti ndiyo mwezi ambao imbalu, tohara ya kimila ya Wagisu, hufunguliwa Mutoto, karibu na Mbale mjini. Ratiba ikiruhusu, mfikishe hapo.

Utaona nimekwepa njia fupi ya kutoka Moroto kupitia Lokiriama. Pale ndipo Wamatheniko, tawi la Wakaramojong, na Waturkana walipofanya mapatano ya amani mwaka 1973 na kuzika silaha, na wachungaji wanapita na mifugo yao wakifuata malisho kama kawaida. Mgeni wa viza hana ruhusa hiyo ya kimila. Anahitaji muhuri wa kutoka Uganda na muhuri wa kuingia Kenya, kwa hiyo mpitishe kwenye kituo chenye maofisa wa uhamiaji wa pande zote mbili, hata kama ni kuzunguka siku nzima. Pasipoti yenye muhuri wa kutoka usio na muhuri wa kuingia itamtesa mbele ya safari.

Piga hesabu kama inamfaa

Usimuuzie kila mtu viza ya dola 100. Viza ya kawaida ya utalii ya Uganda ni dola 50, ya kuingia mara moja. Kenya iliacha viza Januari 2024 na sasa inatumia kibali cha kielektroniki cha dola 30. Rwanda haitozi viza ya siku 30 kwa raia wa nchi za Umoja wa Afrika, Jumuiya ya Madola na jumuiya ya nchi zinazozungumza Kifaransa. Basi Mwingereza anayeingia Uganda mara moja tu, Kenya mara moja na Rwanda mara moja, analipa dola 80 akichukua vibali mbalimbali. Lakini kwa njia niliyotaja juu anaingia Uganda mara mbili, na hapo viza ya pamoja inamsaidia, kwa fedha na kwa utulivu. Mwenye viza hiyo iliyotolewa na Uganda haombi tena kibali cha kielektroniki cha Kenya.

Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji viza kuingia Uganda. Mkenya na Mnyarwanda huja hata kwa kitambulisho cha taifa.

Kukusanya karatasi

Mgeni akutumie nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha, pasipoti iliyobakiza angalau miezi sita. Picha ya pasipoti ya karibuni. Tiketi ya kwenda na kurudi. Ratiba ya safari. Na cheti cha homa ya manjano. Hicho cha mwisho ndicho kinachochelewesha watu. Uganda inakidai kwa kila msafiri aliyezidi umri wa mwaka mmoja, na chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10. Aliyechanjwa zamani asihangaike, kwani tangu 2016 cheti ni cha maisha yote. Watoto huombewa kila mmoja fomu yake.

Ratiba andika wewe, maana wewe ndiye unayeijua njia. Ukurasa mmoja unatosha: tarehe, mahali pa kulala, mpaka utakaovukwa. Taja Suam na Cyanika kwa majina. Ofisa anayesoma ratiba yenye vituo halisi haoni sababu ya kuuliza zaidi.

Kujaza fomu

Ingia visas.immigration.go.ug, tovuti ya Kurugenzi ya Uraia na Uhamiaji. Hakikisha anwani inaishia hivyo hivyo, kwa sababu kuna tovuti za mawakala zinazofanana nayo na zinazotoza zaidi. Fomu ni ya Kiingereza. Kwenye aina ya viza, chagua ya utalii wa Afrika Mashariki; ile ya utalii ya kawaida ipo jirani yake na ni rahisi kuibonyeza kwa haraka. Majina yafuate pasipoti herufi kwa herufi, pamoja na jina la katikati ambalo mgeni mwenyewe halitumii.

Anwani ya mwenyeji huleta shida kwetu, kwani manyata haina namba ya mtaa. Andika nyumba ya wageni atakayolala usiku wa kwanza, au ofisi ya kampuni yako iliyosajiliwa, na namba ya simu inayopokelewa.

Sababu ya safari iwe utalii, na iwe kweli. Wapenda utamaduni wengi hupenda kuandika kwamba wanakuja kufanya utafiti, kumbe wanamaanisha kusikiliza na kujifunza. Utafiti una mlango wake: unahitaji kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda. Vivyo hivyo kwa mwandishi wa habari, mpiga filamu wa biashara na anayekuja kufanya kazi. Kama mgeni wako ni mmoja wao, sitisha hapo umwelekeze vizuri. Kumfundisha adanganye ni kuwaweka hatarini wale wenyeji watakaompokea.

Pandisha nyaraka zinazosomeka, lipa kwa kadi, hifadhi namba ya ombi. Majibu huja kwa barua pepe, mara nyingi baada ya siku chache za kazi, lakini mimi huwaambia wageni waombe wiki tatu kabla, ili kama kuna nyaraka iliyokataliwa kuwe na nafasi ya kuirudisha.

Siku ya kufika

Barua ya idhini ichapishwe kwenye karatasi. Simu huzima. Pale Entebbe ofisa atasoma barua, atachukua alama za vidole na picha, kisha atabandika viza kwenye pasipoti. Mgeni asiondoke dirishani kabla ya kusoma kilichobandikwa: aina ya viza na tarehe ya mwisho. Kosa likionekana pale pale hurekebishwa kwa dakika. Likigunduliwa Suam, mnarudi kilomita nyingi.

Viza haimalizi adabu. Manyatani na kijijini, fika kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kwa wazee, ueleze wageni ni nani na watakaa siku ngapi. Kwa Wabatwa wa Kisoro, waliotolewa msituni Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, patana nao wenyewe kuhusu malipo na picha kabla gari halijafika.

Gari na dereva

Wewe Mganda utavuka Suam na Cyanika kwa kitambulisho cha taifa, ila gari linahitaji kadi yake ya umiliki na bima ya COMESA, ile kadi ya njano. Mifuko ya plastiki iondoeni garini mapema: Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017. Na ukivuka Cyanika unahamia upande wa kulia wa barabara, kwenye kona za milimani, mara nyingi kukiwa na ukungu. Kama hujawahi kuendesha huko, mkabidhi mgeni mpakani kwa mwongozaji wa Musanze, na umpigie simu siku moja kabla umpe nakala ya viza na majina kamili ya kila mgeni.