Kukaza bolti za silinda hedi kwenye injini ya gari la zamani

Wenye Land Rover Series III hapa Mwanza, zile za injini ya petroli ya lita 2.25, wanaijua namba 65: pauni-futi 65, au takriban Newton mita 88, ndiyo torki, yaani nguvu ya kuzungushia, ya bolti kubwa za silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Kinachosahaulika ni kwamba spana ya torki haipimi nguvu ambayo bolti inaibania gasketi, ile shiti ya kuziba kati ya hedi na bloku (mwili wa injini). Inapima ugumu wa kuizungusha, na takriban asilimia 90 ya ugumu huo huliwa na msuguano kwenye hesi (mikato ya mzunguko ya bolti) na chini ya kichwa cha bolti, hivyo bolti yenye kutu itafika 65 kabla haijabana sawasawa.

Kwa hiyo kazi huanza na usafi, hasa kwa gari lililolala miaka mingi kwenye unyevu wa kando ya ziwa. Sugua hesi za kila bolti kwa brashi ya waya, safisha matundu ya bloku kwa tapu, kifaa cha kukatia hesi za ndani, ya saizi ileile, kisha yapulize kwa hewa ya kompresa mpaka yakauke kabisa. Tundu lisilotoboka upande wa pili likibaki na oili au maji, bolti inaposhuka kimiminika hicho hukosa pa kwenda na kinaweza kuipasua bloku. Oili inayotakiwa ni kidogo tu, kwenye hesi na chini ya kichwa cha bolti, ikiwa kitabu cha gari hakikatazi. Bolti iliyovutika shingoni haifai tena.

Baada ya kuweka gasketi mpya na kushusha hedi, zungusha bolti zote kwa mkono, kisha kaza kuanzia katikati ukielekea pembeni kwa kupishana, kwa kufuata mchoro wa kitabu. Zipitie zote mara tatu: pauni-futi 20, halafu 45, halafu 65. Vuta taratibu bila kusita, kwa sababu bolti iliyosimama njiani hugoma kuanza tena, na spana hulia mapema.

Kama unaitilia shaka spana yako, azima mizani ya kuning'iniza kwa wauza samaki wa Mwaloni, Kirumba. Ifunge kwenye mpini wa spana ya kawaida, sentimita 50 kutoka katikati ya bolti, uvute kwa pembe ya nyuzi 90. Ikisoma kilo 18, umefika Newton mita 88. Mimi naiamini mizani hiyo kuliko spana ya torki iliyokwisha kuangushwa sakafuni, na kuliko mkono wa fundi yeyote, ukiwemo wangu.

Washa injini mpaka ipate moto, iache ipoe usiku kucha, kisha hakiki torki kwa mpangilio uleule, isipokuwa kama gasketi yako imeandikwa kwamba haihitaji kukazwa tena. Mwisho pima nafasi za valvu, yaani upenyo mdogo kati ya valvu na roka inayoisukuma, ambazo kwa injini hii ni milimita 0.25, kwa kuwa gasketi ikilala zaidi hedi hushuka na nafasi hizo hubadilika.