Hatua kwa hatua: kipandikizi cha titani au cha kauri kimeshikana na mfupa?

Madaktari wa meno wanaoanza kuweka vipandikizi, yaani mizizi bandia ya meno inayotiwa kwenye mfupa wa taya, huniuliza kila mara: kati ya titani na kauri ya zirkonia, mfupa unapenda ipi? Kwa ninavyoona, ukichagua kipandikizi chenye uso mzuri, mfupa huzipokea zote mbili. Kinachotofautiana ni namna ya kukilea na namna ya kukipima.

1. Anza na uso wake

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aliweka vifaa vya titani kwenye mifupa ya sungura, na alipotaka kuvitoa vikagoma. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza meno kwa njia hiyo. Titani ikikutana na hewa hujivika utando wa oksidi wa nanomita chache, na mfupa hugusana na utando huo. Zirkonia yenyewe ni oksidi tangu mwanzo. Lakini ikiwa laini kama kikombe cha chai, mfupa hauishiki vizuri. Tafuta iliyokwaruzwa kiwandani, mikwaruzo ya mikromita 1 hadi 2 hivi.

2. Usiuchome mfupa

Mfupa ukikaa kwenye nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika 1 huanza kuharibika. Tumia keekee kali, maji ya chumvi ya baridi yasiyokatika, na toboa kwa kuingiza na kutoa. Tazama unga uliobaki kwenye mifereji ya keekee: ukiwa na unyevu na damu, endelea. Ukiwa mkavu uliobadilika rangi, simama.

3. Kaza, upime, uandike

Wengi hulenga nguvu ya kukazia ya nyutoni-sentimita 35. Mshiko huu ni wa msumari kwenye mbao tu, mfupa bado haujashikana na chochote.

4. Linda juma la pili hadi la nne

Hapa ndipo tunapopoteza vipandikizi, na hapa ndipo naomba usikilize. Mwili huondoa kwanza mfupa wa zamani uliobanwa, kisha hujenga mpya. Katikati ya kazi hizo mbili mshiko hupungua, wakati mgonjwa hana maumivu tena na anajiona amepona. Kipandikizi kikichezacheza zaidi ya mikromita 150 hivi, mwili hukizungushia nyama badala ya mfupa.

Titani ya vipande viwili unaweza kuifunika chini ya fizi ikatulia. Kauri nyingi ni kipande kimoja, kichwa kinabaki nje, ulimi na chakula vinakigusa kutwa. Mama mmoja alirudi kwangu juma la nne. "Daktari, nilitafuna upande mwingine," akaniambia. Nilipouliza alikula nini, akasema mahindi ya kuchoma. Kipandikizi cha kauri kilitoka kwa vidole, kimevaa utando mwekundu wa nyama laini. Kosa lilikuwa langu: nilimwambia "kula vyakula laini" bila kuvitaja. Siku hizi nataja uji, ndizi zilizopondwa, wali wa bokoboko, na namwita anayempikia nyumbani asikie. Kauri pia naitengenezea kofia ya kuikinga, isigusane na jino la juu.

5. Pima baada ya miezi mitatu

Kwa titani, funga kijiti cha kupimia uthabiti usome ISQ, yaani namba inayoonyesha kipandikizi kimetulia kiasi gani. Ikiwa 70 au zaidi, nina imani nayo. Chini ya 60, nasubiri. Kauri ya kipande kimoja haina tundu la kufungia kijiti hicho, hivyo tumia kifaa cha kugonga, na usijaribu kuifungua kwa nguvu kwa kuwa inaweza kuvunjika. Igonge pia kwa mpini wa kioo cha mdomoni: iliyoshikana hulia kwa sauti kali, kama kugonga glasi. Iliyozungukwa na nyama hutoa mlio mzito uliofifia. Sauti peke yake haitoshi, piga eksirei uone kama kuna mstari mweusi kati yake na mfupa.

Ikicheza hata kidogo, itoe siku hiyohiyo, safisha shimo, uache mfupa ujijenge kabla ya kujaribu tena.